Muulize Muuguzi wa Moyo: Hospitali ina cheti, lakini cheti cha nini?

Barua za mwezi huu zimegusa jambo moja kutoka pande nyingi: zile alama za dhahabu na mioyo myekundu ambayo hospitali za Marekani hubandika milangoni na kwenye mabango ya barabarani. Mimi ni mtoto wa Tanga, muuguzi wa wodi ya moyo huku Marekani. Kabla ya kurudi wodini nilikaa muda mrefu kwenye ofisi ya ubora, pale panapokusanywa takwimu zinazotafutiwa vyeti hivyo. Kwa hiyo nimeviona kwa nje na kwa ndani, na nitajibu nikiwa nimepaona pande zote mbili.

*

*Jambo Mama Muuguzi. Sisi tuko Louisville, Kentucky, tulitoka Uvira. Mume wangu ana miaka 58, ana presha na sukari. Karibu na kwetu kuko hospitali mbili. Moja ni dakika kumi kwa gari, imeweka tangazo kubwa na picha ya moyo, wanasema wako na cheti cha moyo. Ingine ni dakika ishirini na tano, haina tangazo, lakini watu wa kanisa wanasema ile ndiyo nzuri. Siku kifua kikimbana baba, nimupeleke wapi? Na hiyo cheti ni kitu ya kweli ao ni biashara tu? – Mama wa watoto watano, Louisville*

Jambo mama mwenzangu. Siku hiyo usimpeleke popote. Piga 911, fungua mlango, washa taa ya nje, umkalishe. Nasema hivi nikijua jamaa zetu wengi wanaogopa bili ya ambulensi, na nimeona wanaume wakiendeshwa na watoto wao usiku huku wamejikunja kwenye kiti cha nyuma. Ambulensi si teksi. Wahudumu wakifika watambandika mume wako waya za ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, palepale sebuleni, na mara nyingi picha hutumwa hospitali kabla gari halijaondoka kwenu. Wao wanajua ni hospitali gani ina Cathlab, kile chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, inayofanya kazi saa hiyo. Sehemu nyingi wana ruhusa ya kuipita hospitali ya karibu wakaenda kwenye ile inayofaa. Wakati mko njiani, daktari na wauguzi wa Cathlab wanaamshwa. Ukiendesha mwenyewe, kazi hiyo yote inaanza mkishafika kaunta.

Halafu, kwa kuwa ana sukari, usingoje kifua kibane kama kwenye sinema. Mwenye sukari anaweza kupata jasho la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi, maumivu ya taya au mkono, au uchovu wa ghafla usio na sababu. Hata wanawake hutokewa hivyo mara nyingi, kwa hiyo na wewe ujihesabu humo.

Sasa cheti. Ni kitu cha kweli, mama, lakini lazima uulize ni cheti cha nini. Kuna shirika linaitwa Joint Commission, lilianzishwa 1951, makao yake yako Illinois karibu na Chicago. Kazi yake kubwa ni kukagua hospitali nzima na kuipa ithibati. Pamoja na hiyo, linatoa vyeti vya huduma mojamoja: kiharusi peke yake, goti peke yake, moyo peke yake. Kwa moyo linashirikiana na American Heart Association, chama cha moyo kilichoanza 1924. Ndiyo maana utaona alama ya dhahabu na kando yake moyo mwekundu wenye tiki.

Na ndani ya moyo kwenyewe vyeti viko vingi. Kipo cha moyo kushindwa kufanya kazi, ule ugonjwa wa miguu kuvimba na kulala na mito mitatu. Vipo vya mshtuko wa moyo, navyo vina ngazi tatu. Acute Heart Attack Ready ni hospitali ndogo inayojua kutambua mshtuko wa moyo, kuanza dawa na kukuhamisha haraka. Primary Heart Attack Center inazibua mshipa kwa puto na stenti, kile kijibomba kinachobaki ndani kuuacha wazi, saa 24, siku zote za wiki. Comprehensive Heart Attack Center ina hayo yote, pamoja na upasuaji wa moyo palepale na mashine za kuushikilia moyo uliochoka kabisa. Leseni ya bodaboda haikupi ruhusa ya kuendesha basi. Hospitali yenye bango la cheti cha moyo kushindwa inaweza kuwa bora sana kwa ugonjwa huo, na bado usiku wa Jumapili haina mtu wa kuzibua mshipa.

Mwambie mmoja wa watoto afungue tovuti ya Joint Commission iitwayo Quality Check, aandike jina la hospitali. Itaonyesha cheti kipi, na kilitolewa lini. Vyeti hivi vya huduma mojamoja hudumu miaka miwili, kisha wakaguzi wanarudi. Hiyo nyingine isiyo na bango nayo itafuteni. Chama cha madaktari wa moyo, American College of Cardiology, nacho kina ithibati yake ya vituo vya maumivu ya kifua, na shirika la DNV lina vyeti vyake. Kwa sehemu kubwa vyeti hivi ni vya hiari, hospitali inaomba yenyewe na inalipia. Kwa hiyo kukosa alama fulani hakumaanishi uzembe. Inawezekana wamechagua shirika jingine, au wameamua kutumia fedha kwingine. Kisha fungueni ukurasa wa Medicare, bima ya serikali ya wazee, uitwao Care Compare. Pale mtaona jambo ambalo bango halisemi: kati ya wazee waliolazwa kwa mshtuko wa moyo, vifo ndani ya siku 30 vilikuwaje ukilinganisha na wastani wa nchi.

Nikuonyeshe kidogo kinachofanyika nyuma ya alama ile, maana hapo ndipo imani yangu ilipo. Kila mgonjwa wa mshtuko wa moyo tulikuwa tunamweka mezani dakika kwa dakika. Aliingia mlangoni saa ngapi. ECG ilifanyika saa ngapi, maana inatakiwa ndani ya dakika 10 tangu afike. Daktari aliiangalia saa ngapi. Timu iliitwa saa ngapi. Puto lilifunguka ndani ya mshipa saa ngapi, maana lengo ni dakika 90 tangu mhudumu wa kwanza alipomgusa. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo ECG ilikuwa imechelewa, na ilipofuatiliwa ikaonekana mzee alitafsiriwa na mjukuu wake mdogo. Mtoto alisema babu anaumwa tumbo, wakamkalisha foleni ya tumbo. Baada ya kikao kile, utaratibu ulibadilishwa: mtu mzima mwenye maumivu popote kati ya taya na kitovu anapigwa ECG kwanza, maswali baadaye. Hospitali isiyokaa kikao kama kile haijui hata kwamba ilichelewa.

Kwa hiyo mkifika, taja neno "Swahili", uombe mkalimani. Ni haki yenu, ni bure, kwa simu au kwa skrini. Msimtumie mtoto.

*

*Shangazi, swali langu ni fupi. Hizo hospitali zenye vyeti vikubwa zinaweza kunifukuza kwa sababu sina bima? – Fundi rangi, Phoenix*

Kwa dharura, haziwezi. Sheria ya mwaka 1986 inailazimu karibu kila hospitali yenye idara ya dharura kukupima na kukutuliza kabla ya kuzungumzia fedha. Cheti hakiondoi wajibu huo. Bili itakuja, na itakuja kubwa, lakini usiitupe wala usiilipe kwa kadi ya mkopo. Andika barua kuomba fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kuwa na sera hiyo kwa maandishi, na watu wengi wa kipato chako hupunguziwa au hufutiwa. Na kwa mwenye bima: tangu Januari 2022 sheria inakataza hospitali ya dharura iliyo nje ya mtandao wa bima yako kukutoza zaidi ya vile ungetozwa ndani ya mtandao. Ambulensi ya barabarani haimo kwenye sheria hiyo. Nalijua jambo hilo linaumiza. Hata hivyo narudia nilichomwambia mama wa Louisville.

*

*Mama, nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, mji mdogo wa Iowa. Hospitali yetu imepata cheti cha mshtuko wa moyo, wamefanya sherehe na keki, hata gazeti limeandika. Lakini haina Cathlab! Rafiki yangu alipofika pale walimdunga dawa wakamtupa kwenye helikopta. Sasa cheti cha nini? – Mfanyakazi wa zamu ya usiku*

Walimfanyia kilekile ambacho cheti kinawadai. Pole kwa hofu mliyopata, lakini ninyi mna bahati ambayo watu wengi wa mashambani hawana.

Mshtuko wa moyo mkubwa ni donge la damu lililoziba mshipa kabisa. Njia bora ni kulifuata kwa puto. Lakini kama safari ya kwenda kwenye puto itapita dakika 120, msuli wa moyo unakufa barabarani. Hapo ndipo inapotumika dawa ya kuyeyusha donge, kama tenecteplase, ambayo inadungwa mara moja kwenye mshipa wa mkono. Ili isaidie, inatakiwa iingie ndani ya dakika 30 tangu mgonjwa afike. Hospitali ndogo ikipata cheti cha Acute Heart Attack Ready maana yake dawa iko pale kila saa, wauguzi wa usiku wanajua kuichanganya, makubaliano na hospitali kubwa yameshasainiwa, na namba ya helikopta haitafutwi kwenye droo. Nao wanapimwa: mgonjwa anayehamishwa bila dawa anatakiwa awe ametoka mlangoni mwao ndani ya dakika 30 hivi. Mtu akizikimbiza dakika hizo, kwa macho ya mgonjwa ataonekana kama anamtupa kwenye helikopta. Na hata aliyedungwa dawa anahamishwa, kwa sababu dawa inaweza isifungue, au ikafungua mshipa ukaziba tena.

Lakini kuna jambo nataka mlijue ninyi wa kiwandani. Dawa ile huyeyusha donge popote lilipo, kwa hiyo inaweza kufanya damu ivuje kichwani. Kabla ya kudungwa utaulizwa haraka haraka: umewahi kupata kiharusi? Umepasuliwa karibuni? Umeangukia kichwa? Unatumia dawa ya kulainisha damu? Majibu yanatakiwa kwa sekunde, na mtu mwenye maumivu hakumbuki. Andika kwenye karatasi majina ya dawa zako, magonjwa yako, na namba ya ndugu mmoja, uiweke nyuma ya kitambulisho chako cha kazi. Nimeona karatasi kama hiyo ikiokoa dakika nyingi kuliko mashine ya bei mbaya.

*

*Habari ya kazi, shangazi. Mimi ni muuguzi (RN), nilisomea Eldoret, sasa niko wodi ya moyo hapa Minneapolis. Wakaguzi wa cheti wanakuja na manager ametupea karatasi kumi na mbili za kukariri. Silali. Nikikosea jibu moja, si nitaangusha hospitali nzima? – Mwenye wasiwasi*

Mwanangu, weka karatasi chini ulale. Mkaguzi hajaja kukufanyisha mtihani wa taifa.

Atakachofanya ni hiki. Ataomba orodha ya wagonjwa walioko kitandani leo, achague mmoja, tuseme yule wa chumba cha mwisho aliyewekewa stenti juzi. Ataifuata safari yake yote kama mtu anayefuata nyayo: ataanza mlango wa dharura, aende kwa fundi wa ECG, Cathlab, chumba cha uangalizi, famasi, hadi kwako. Kila alipopita mgonjwa, atamkuta mtu aliyemhudumia na kumuuliza alifanya nini na kwa nini. Anatafuta kama mnachosema kwenye mwongozo wenu ndicho mnachofanya kitandani. Atakukuta wewe kwenye kompyuta na atakuuliza kitu kama: huyu akianza kubanwa tena kifua saa tisa usiku, unafanyaje? Hapo jibu lako la kila siku ndilo jibu. Unamwangalia, ECG, vipimo, unaita timu ya dharura, unampigia daktari, unaandika saa. Ukiulizwa usilolijua, sema ungelitafuta wapi, na umwonyeshe. Kujua mwongozo uko wapi ni jibu kamili. Kubuni ndiko kunakoharibu.

Jambo ambalo wengi hawajiandai nalo ni kwamba atamuuliza mgonjwa. Nilimwona mkaguzi mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kuwa muuguzi wa ICU, akivuta kiti kando ya kitanda na kumuuliza mzee kwa upole, "Hiki kidonge cha stenti utakimeza mpaka lini?" Mzee akajibu kwa furaha, "Mpaka chupa iishe." Kwenye faili kulikuwa na alama ya tiki kwamba amefundishwa. Wodi nzima ilinyamaza. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo aliyewekewa stenti kwa kawaida anatakiwa kumeza dawa mbili za kuzuia donge kwa karibu mwaka mzima, aspirini na mwenzake kama clopidogrel au ticagrelor. Akiacha moja mapema bila kuambiwa na daktari, stenti inaweza kuziba, na hilo linaweza kumuua.

Kwa hiyo ukitaka kujiandaa, nenda kwa wagonjwa wako wa kesho. Usimuulize mgonjwa "Umeelewa?", maana atasema ndiyo. Mwambie, "Ukifika nyumbani mke wako akakuuliza kidonge hiki ni cha nini, utamjibu vipi?" Kisha nyamaza umsikilize. Ukifanya hivyo kwa kila mgonjwa, na mkaguzi akapita, atakuta kazi imefanyika. Asipopita, mzee wa watu bado atakuwa na stenti iliyo wazi miezi sita baadaye.

Na hospitali haianguki kwa muuguzi mmoja. Wakikuta pengo wanaliandika, na wakubwa wako wanapewa muda wa kulirekebisha na kuonyesha ushahidi.

*

*Shikamoo Bi Muuguzi. Mama yangu alikuja Houston kutoka Morogoro kuishi nasi, sasa ana kadi ya kijani ya ukaazi na Medicare. Moyo wake umepanuka. Amelazwa mara tatu tangu Ramadhani kwenye hospitali yenye cheti cha moyo kushindwa, kila mara wanamtoa maji, anarudi nyumbani mzima, wiki tatu baadaye miguu imevimba tena. Sasa cheti kinasaidia nini? – Binti wa pekee*

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole zangu nyingi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana mambo haya ndiyo nayaishi kila siku wodini.

Kumtoa maji ndiyo sehemu rahisi. Cheti cha moyo kushindwa kimejengwa juu ya kile kinachotokea baada ya mgonjwa kuvaa viatu vyake na kuondoka. Hospitali yenye cheti hicho inatakiwa kumpa mgonjwa miadi ndani ya siku 7 tangu atoke, yenye tarehe, saa na mahali, siyo karatasi iliyoandikwa "muone daktari wako". Inatakiwa taarifa zake zimfikie daktari huyo, na mtu ampigie au amwone ndani ya siku 3 kuuliza anapumuaje na dawa amezipata. Basi chukua karatasi za kuruhusiwa za mara ya mwisho, uziangalie leo. Kama miadi haipo, piga simu hospitali, usiishie kwa mpokea simu wala daktari wa zamu, omba mratibu wa programu ya moyo kushindwa. Hospitali yenye cheti lazima iwe naye. Mweleze kwa sauti ileile uliyoniandikia. Hutakuwa unamsumbua. Tangu Oktoba 2012 Medicare inazikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wa moyo wanarudi mno ndani ya siku 30, kwa hiyo kila mtu pale ana sababu ya kutaka mama abaki nyumbani.

Muulize mratibu swali la pili: mama yuko kwenye makundi yote manne ya dawa? Kwa moyo uliopanuka na kudhoofika, siku hizi wanatumia dawa za aina nne zikisaidiana, pamoja na ile ya kukojoa. Wazee wengi hutoka na mbili, kwa dozi ya kuanzia, na hakuna anayeipandisha. Inawezekana kuna sababu, figo au presha ya chini. Lakini sababu hiyo uisikie kwa masikio yako.

Kisha njoo jikoni. Nunua mizani. Mama apime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, uandike kwenye kalenda ya ukutani. Akiongezeka ratili 3 kwa siku moja au 5 kwa wiki, unapiga simu siku hiyohiyo, hata kama anasema hajambo. Maji huonekana kwenye mizani kabla hayajaonekana miguuni. Na chumvi. Wengi wetu tunasema "hatutii chumvi nyingi", nami nikienda nyumbani kwao nakuta kisahani cha dagaa wakavu, papa wa chumvi kwenye tui, na vipande viwili vya kiungo cha mchuzi cha dukani kwenye sufuria ya maharage. Kwa mama, vile vipande vya mchuzi viondoke kabisa ndani ya nyumba. Weka kitunguu saumu, tangawizi, bizari, ndimu, pilipili akiiweza, nazi kidogo. Samaki awe mbichi. Wiki mbili za kwanza atanung'unika, halafu ulimi unazoea.

Swali umeuliza cheti kinasaidia nini. Kinakupa kitu cha kudai. Hospitali imejitangaza kwamba inafanya mambo haya, na wewe una haki ya kuuliza mbona kwa mama yangu hamkufanya.

*

*Shikamoo shangazi. Niko Tabata, Dar. Baba mishipa mitatu ya moyo imeziba, wanataka kumpasua. Mjomba yuko Dallas, anasema tusikubali hospitali yoyote isiyo na cheti cha Wamarekani. Wengine wanasema India. Mimi ndiye mkubwa, wote wananiangalia. – Mtoto wa kwanza*

Marahaba baba. Mzigo mzito huo, pole.

Vyeti vya moyo nilivyovitaja hapo juu vilitengenezwa kwa ajili ya hospitali za Marekani. Kwa nchi nyingine, Joint Commission ina tawi liitwalo JCI, na hospitali ya kwanza kupata ithibati yake ilikuwa ya São Paulo, Brazil, mwaka 1999. Kwetu, Aga Khan ya Nairobi iliipata 2013, na Aga Khan ya Dar nayo imewahi kuipata. Hospitali nyingi za India zinazotafuta wagonjwa kutoka nje wanayo. Lakini mwambie mjomba kwa heshima: hiyo ni ithibati ya hospitali nzima. Inatazama kunawa mikono, kutambua mgonjwa sahihi, dawa, damu, moto. Ni mambo makubwa, nayaheshimu. Hayakwambii mpasuaji wa baba amefanya upasuaji huu mara ngapi.

Hilo uliulize mwenyewe. Hapo mjini mna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Upanga kwenye eneo la Muhimbili, iliyoanza 2015 na inayofanya upasuaji wa moyo na kazi za Cathlab. Anzia hapo, na maswali yaleyale uyatume India kama bado mnaifikiria. Upasuaji wa aina hii mnafanya wangapi kwa mwaka? Nani atakayeshika kisu, na yeye mwenyewe amefanya wangapi? Kati ya wagonjwa wenu wa mwaka jana wa upasuaji huu, wangapi walifariki kabla ya kutoka? Daktari wa stenti na daktari wa upasuaji wamekaa pamoja kuiangalia picha ya baba, au ameamua mmoja? Swali hili la mwisho ni muhimu kwa mishipa mitatu, hasa kama baba ana sukari, kwa sababu hapo upasuaji mara nyingi unamshinda stenti kwa miaka mingi ya mbele, na mtu anayependa njia ya mkato anaweza kuishawishi familia vingine. Mpasuaji mzuri hakasiriki kuulizwa hesabu zake. Anazo kichwani.

Omba CD ya picha za mishipa, siyo ripoti ya karatasi tu, maana kokote mtakakokwenda wataitaka. Kama ni India, jueni kabla ya kununua tiketi nani Dar atamwangalia kidonda na dawa mkirudi, na awe amekubali. Ndugu wengi huchanga fedha za kwenda, wakasahau miezi mitatu ya baada ya hapo.

Na baba asikae nyumbani akingoja kikao cha ukoo kiishe. Wakati mnaamua, aendelee na dawa zote bila kuruka. Kifua kikimbana akiwa amepumzika tu, mpelekeni dharura usiku huohuo, mazungumzo ya India yasubiri.